Chipukizi kwa Soko, Mbegu kwa Msitu

Hotuba niliyoitoa Malindi mbele ya wenye vitalu, walimu wa sayansi, watunza bustani za hoteli na wazee kutoka vijiji vya ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Nimepunguza maneno ya kurudiarudia. Mengine nimeyaacha yalivyotoka.

Asalaam aleikum. Wazee wetu, shikamooni. Walimu, kina mama wa vitalu, vijana wa bustani, habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze jinsi okidi zinavyozidishwa maabarani, kwa njia ile ambayo wakulima wa migomba wameshaizoea kwa jina la tishu kalcha. Nitaeleza. Ila nina neno moja nalitanguliza, ili hata atakayetoka mapema kuwahi matatu ya Mombasa atoke nalo. Okidi ya kuuza, izidishe kwa chipukizi: unakata kipande cha mmea mama, unakipa chakula chupani, kinakupa miche mia, elfu, yote sura moja. Okidi ya kurudisha msituni, ipande kwa mbegu. Chupa ni zilezile, dawa ni zilezile, mikono ni ileile, lakini hizo ni kazi mbili, na anayezichanganya anauharibia msitu huku akidhani anausaidia.

Ukimtajia mtu wa Malindi okidi, fikira zinamwendea kwenye meza ya mapokezi ya hoteli: chungu cheupe, ua la zambarau, mmea ambao ukifuatilia asili yake utafika Thailand, Taiwan au Uholanzi. Ile nayo ni okidi, na yumkini ilizaliwa chupani. Lakini duniani kuna spishi za okidi zipatazo 28,000, na baadhi yake zimekaa juu ya miti mnayopita chini yake kila siku.

Iko ile kubwa, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, Ansellia africana, ambayo wapenzi wa maua huiita okidi chui. Wanaoingia Arabuko-Sokoke wameshaiona hata kama hawajui jina lake. Ni kichaka cha vishina virefu kwenye panda ya mti, na kando ya vishina imesimama mizizi myembamba, myeupe, yenye ncha, inayotazama juu badala ya chini. Mizizi hiyo inadaka majani makavu yanayoanguka kutoka matawi ya juu. Majani yanaoza palepale, mmea unapata mbolea yake bila kushuka chini. Iko Aerangis kirkii, ndogo, nyeupe, inayonukia usiku kwa sababu mgeni inayemngojea ni nondo. Jina lake limetokana na John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza kule Zanzibar. Ziko za jamii ya Microcoelia zisizo na jani la maana, mizizi mitupu iliyobandika kwenye gome, na mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani. Na iko vanila yetu ya pwani, Vanilla roscheri, mtambazi usio na majani, jamaa wa karibu wa vanila inayotiwa kwenye keki. Ndiyo, vanila ni okidi. Naona kina mama wanatazamana.

Zinapungua kwa njia mbili. Mti unapoangushwa kwa ajili ya mkaa au mbao, kila kilichokaa juu yake kinaanguka nao. Na wako wanaozipandia na kuzibandua kwa ajili ya kuuza. Ansellia imo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, miongoni mwa spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka, na sababu kubwa ni hizo hizo mbili.

Sasa mtu atauliza, kwa nini tusichume mbegu tukazimwaga kitaluni kama tunavyofanya kwa mpapai?

Itazameni nazi. Ikianguka mchangani ina maji yake na nyama yake. Chipukizi lina riziki ya miezi kadhaa kabla ya kumwomba mtu chochote. Mbegu ya okidi ni kinyume chake kabisa. Ni vumbi. Kifuko kimoja kinaweza kubeba mbegu laki kadhaa, kwa aina nyingine hupita milioni, na hata moja haikufungiwa chakula. Ndani ya ganda jembamba mna kijitone cha seli, basi. Upepo unaichukua, na nyingi ajabu zinapotea.

Ile inayopona inapona kwa sababu imeangukia mahali penye kuvu wa aina fulani. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1899, alipoona kwamba miche michanga ya okidi porini daima ina kuvu ndani yake. Kuvu anaingia kwenye mbegu kutafuta chochote cha kula, na mbegu inamsaga humo ndani na kupata sukari kutoka kwake. Aliyekuja kula ndiye anayeliwa. Ndiyo maana ukimwaga mbegu za okidi kwenye udongo mzuri wa kitalu, wenye samadi na kila kitu, unaweza kungoja mpaka uchoke.

Kisha akaja Mmarekani Lewis Knudson, wa Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1922 alionyesha kwamba mbegu inaweza kuota bila kuvu yeyote, mradi ipewe sukari na chumvi za madini kwenye jeli isiyo na vijidudu. Sukari ileile ya chai! Alichotoa kuvu msituni, Knudson alikitoa kwenye kopo. Miaka michache baadaye, mwaka 1928, Eric Holttum wa Bustani ya Mimea ya Singapore akaanza kupanda mbegu za okidi kwa chupa kule Singapore, mji wa bandari, wa joto na unyevu, haupishani sana na huku kwetu. Leo Singapore ni jina kubwa katika biashara ya maua haya. Nalitaja hili kwa sababu kila nikizungumza na watu wa pwani naambiwa kazi hii inataka baridi ya Limuru. Haitaki.

Sasa niwaonyeshe kazi yenyewe, nianze na mbegu kwa sababu ndiyo iliyo karibu na uwezo wetu.

Okidi chui mbili, zilizo kwenye miti tofauti, zimechanua. Kwa kijiti cha meno unanyanyua kile kifuniko kidogo kilicho kwenye ncha ya nguzo katikati ya ua. Chini yake kuna vifundo vya chavua, vya manjano, vimeshikamana kwa gundi. Hazitawanyiki kama chavua ya mahindi, zinang'ang'ania kijiti. Unazipeleka kwenye ua la mmea wa pili na kuzibandika kwenye kile kishimo chenye utelezi kilicho nyuma kidogo ya mahali ulipozitoa. Ua linanyauka baada ya siku chache, na nyuma yake kikonyo kinaanza kuvimba. Hapo unasubiri miezi. Unafunga uzi na kibandiko chenye tarehe, kwa sababu kumbukumbu ya mtu haitoshi.

Ujanja uko katika kukichuma kifuko kikiwa bado kibichi, kimejaa lakini hakijapasuka. Kifuko kilichofungwa ni safi kwa ndani. Hakuna kuvu wala bakteria waliokwisha kuingia. Kwa hiyo unasafisha nje tu. Unakisugua kwa mswaki na sabuni, unakiloweka kama dakika 20 kwenye maji yenye Jik, kisha unakichovya kwenye spiriti na kukipitisha juu ya mwali wa taa mara moja. Spiriti inawaka, inazimika. Ukishamaliza hayo unakipasua kwa kisu kilichochomwa moto, juu ya sahani iliyotakaswa, mbele ya kabati linalopuliza hewa iliyochujwa. Ndani mna unga mweupe. Huo ndio mbegu. Unachota kidogo sana kwa ncha ya kisu na kutandaza juu ya jeli ndani ya chupa. Kifuniko kinafungwa kabla hujavuta pumzi ya pili, na ni vyema usiwe unazungumza. Mate yetu yana vijidudu wengi kuliko kisu.

Kifuko kikishapasuka, mbegu zikawa kavu, bado zinafaa, lakini hapo huna budi kuziosha zenyewe kwa Jik, moja moja hazishikiki, zinaelea, zinaganda kwenye ukuta wa chupa. Kwa anayeanza, kifuko kibichi ndicho chepesi.

Na jeli je? Kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, unatia chumvi za madini kwa kipimo, sukari kama gramu 20, na agari, ule unga wa kugandisha, gramu 7 au 8. Unapima ukali wa asidi (pH) uwe kwenye 5.5 hivi. Chupa zinapikwa kwenye presha, nyuzi 121 za Selsiasi, dakika 15 hadi 20. Sufuria ya presha ya jikoni inaweza. Kwa kazi ndogo haina tofauti kubwa na mtambo wa maabara wa bei ya gari. Agari inatokana na mwani, na najua mtu hapa atauliza kuhusu mwani wanaolima kina mama wa Kibuyuni kule Kwale. Ule ni wa aina nyingine, jeli yake inaitwa karajini, na inauzwa kwa viwanda vya chakula na dawa za meno. Agari bado tunanunua.

Lakini kuna kitu kimoja hatununui mbali. Maji ya dafu. Tangu mwaka 1941, wanasayansi walipoyatumia kulisha viini vichanga vya mimea, maji ya dafu yamekuwa kwenye vitabu vya maabara dunia nzima. Yana sukari, yana madini, na yana homoni za kundi linaloitwa saitokinini, zinazoamrisha seli zigawanyike. Ndiyo riziki ile niliyoitaja, ambayo nazi ilimwekea mtoto wake. Okidi, isiyoachiwa kitu na mama yake, inalelewa kwa chakula cha mtoto wa mwingine. Mililita 100 hadi 150 kwa lita zinatosha. Yachemshwe kwanza na kuchujwa, maana yana protini inayoganda, kisha yachanganywe na vingine kabla ya presha. Kuna maabara Ulaya zinaagiza maji ya dafu kwenye vichupa, zikilipa kwa bei ambayo mkwezi wa Malindi akiisikia atashuka mnazini kuuliza mara mbili. (Hapa watu walicheka.)

Baada ya wiki kadhaa mbegu zinavimba na kuwa kijani. Si mche bado. Ni vijidonge vidogo visivyo na mzizi wala jani, vyenye vinywele chini yake, tunaviita protokomu. Juu ya kila kidonge kinatokea kijani chenye ncha, kisha jani, kisha mzizi. Vikisongamana unavihamishia chupa nyingine yenye chakula kipya. Kazi hii inarudiwa tena na tena, na tangu mbegu hadi mche wa kutoka chupani hesabu mwaka, au zaidi. Ua la kwanza liko mbele zaidi, miaka mingine kadhaa. Nawaambia wazi kwa sababu wapo wanaouza semina za okidi kwa kuahidi faida ya miezi sita.

Njia ya chipukizi ni nyingine. Mwaka 1949 Gavino Rotor, huko huko Cornell, alichukua vifundo vya shina la ua la Phalaenopsis, ile okidi ya hotelini, akaviweka kwenye jeli, vikatoa miche inayofanana na mama. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel akaenda mbali zaidi. Alikuwa na okidi za Cymbidium zenye virusi vya batobato. Alijua kwamba ncha kabisa ya chipukizi, sehemu ambayo haijafikiwa na mishipa ya mmea, mara nyingi virusi havijaifikia. Akaikata chini ya hadubini, kipande chini ya milimita moja. Hakikutoa mche, kilitoa protokomu. Alipoikata protokomu ile vipande, kila kipande kikatoa protokomu nyingine. Ukikata tena, zinaongezeka tena. Kwa hesabu ya karatasi, chipukizi moja linaweza kufikia mamilioni kwa mwaka.

Hapo ndipo biashara ya okidi ilipobadilika. Zamani ua zuri lilikuwa la tajiri mmoja, kwa sababu kuligawa mmea ni kupata kijisehemu kimoja kwa mwaka. Siku hizi linauzwa pembeni ya mboga kwenye maduka ya Ulaya. Mwenye kitalu anayetaka mashina mia tano yenye rangi moja, urefu mmoja, yanayochanua wiki moja kwa ajili ya harusi, hawezi kutegemea mbegu. Mbegu zitampa ndugu wasiofanana. Anahitaji chipukizi. Sina ugomvi na hilo hata kidogo.

Ina matata yake. Kipande kikikatwa kinatoa maji ya kahawia yanayokiua chenyewe, ndiyo maana tunatia mkaa maalumu kwenye jeli ili uyanyonye. Homoni zikizidi, na ukikatakata kizazi baada ya kizazi bila kurudi kwa mama, miche inaanza kupotoka: ua lenye midomo miwili, petali zilizokunjamana, majani yenye mistari. Huwezi kuliona chupani. Unaliona miaka miwili baadaye, mteja ameshakulipa. Na ikiwa mama alikuwa na virusi na ukachukua kipande kikubwa kuliko ile ncha, hukusafisha kitu. Umezidisha ugonjwa.

Sasa rudini nami msituni. Tuseme kijana mwenye nia njema amepata okidi chui moja nzuri kwenye tawi lililoanguka. Anaipeleka maabarani, inatolewa chipukizi, baada ya miaka mitatu analeta miche elfu mbili na kuifunga kwenye miti ya Arabuko-Sokoke. Gazeti linampiga picha. Amefanya nini? Ameweka mmea mmoja mara elfu mbili. Ukija mwaka wa ukame ambao mmea ule hauuwezi, zote zinakufa kwa pamoja. Akija mdudu au kuvu anayeupenda mmea ule, amewekewa meza. Na kuna okidi nyingi ambazo chavua yake yenyewe haiipatii mbegu nzuri. Kati ya ndugu elfu mbili walio kitu kimoja hakuna pa kuoana. Kule msituni kila okidi iko tofauti na jirani yake, na katika tofauti hiyo ndimo kulimo kupona kwao.

Uingereza kulikuwa na okidi moja ya ardhini, Cypripedium calceolus, iliyochumwa na watunza bustani mpaka ukabaki mmea mmoja tu unaojulikana porini nchini humo, ukalindwa kwa siri. Bustani ya Kew ilichukua njia ya mbegu: chavua ya mmea ule ilichanganywa na ya mimea iliyokuwa imehifadhiwa bustanini yenye asili ya huko huko, vifuko vikachumwa vibichi, miche ikalelewa chupani na kurudishwa. Wangeweza kungoja na kuzidisha ule mmoja. Hawakutaka. Singapore nao, tangu mwaka 1995, wamekuwa wakipanda okidi za asili ya kisiwa chao kwa chupa na kuzirudisha kwenye miti ya barabarani na ya mbuga, hata ile okidi kubwa mno iitwayo Grammatophyllum speciosum. Mtu anangoja basi, okidi iko juu ya kichwa chake. Miarobaini na mibuyu ya Malindi haina kasoro yoyote inayotuzuia kufanya hivyo.

Nije kwenye jambo ambalo linaua miche mingi kuliko yote, na hapa naomba watu wa vitalu wanisikilize kwa makini kwa sababu maabara haina uwezo nalo, ni lenu. Ni siku ya kuutoa mche chupani.

Ndani ya chupa hewa imejaa unyevu mpaka pomoni. Jani halikuwahi kuhitaji kujifunika, kwa hiyo halina ule utando wa nta. Vitundu vyake vya hewa viko wazi na havijajifunza kufunga. Mizizi haikuwahi kutafuta. Sukari iliwekewa mdomoni. Mche huo ukiuweka mezani saa sita mchana wa Februari, kaskazi ikivuma, saa tisa hauna uhai. Si ugonjwa. Umekauka.

Kwa hiyo kwanza ni msimu. Toeni miche masika, Aprili na Mei, hewa ikiwa na unyevu na jua likiwa na mawingu. Wakati wa kaskazi iacheni ndani ya chupa, hata kama chupa zimesongamana. Pili, fungua vifuniko kidogo kidogo kwa siku chache kabla ya kutoa, kwenye kivuli. Tatu, osha jeli yote kwenye mizizi kwa maji ya uvuguvugu, kwa vidole, bila haraka. Ina sukari, na sukari iliyobaki inaita ukungu kesho yake.

Maji. Visima vyetu vingi vina chumvi, mnaijua ladha. Okidi haiivumilii. Ncha za mizizi zinageuka nyeusi na mtu anadhani ni kuoza kwa maji mengi, anapunguza maji, chumvi inazidi kuganda. Tumieni maji ya mvua. Bati na tangi la kawaida ni kifaa cha maana kuliko dawa yoyote ya dukani.

Pa kupandia: makumbi yaliyokatwakatwa na vipande vya mkaa, nusu kwa nusu, kwenye trei yenye matundu. Makumbi msiyatumie yakiwa mapya, na yale yaliyolowekwa ufukweni kwa ajili ya kamba msiyaguse. Yalowekeni kwenye maji matamu, mwaga, loweka tena, mpaka maji yaache kuwa ya rangi ya chai. Neti ya kivuli iwe nzito, inayozuia robo tatu ya jua kwa miezi ya mwanzo. Juu ya trei funikeni karatasi ya nailoni kama pango dogo, na kila wiki ipunguzeni kidogo. Wengine huharakisha hapa. Mche unaonekana mzima, wa kijani. Subiri uone mzizi mpya, ule wenye ncha ya kijani inayong'aa, uliotoka nje ya chupa. Huo ndio mzizi wa kwanza uliozaliwa Malindi. Ukiuona, mche umekubali.

Kwa miche ya kurudi msituni kuna nyongeza. Yule kuvu wa Bernard hayumo chupani, tulimfukuza sisi. Mmea mkubwa unaweza kuishi bila yeye, lakini watoto wake hawataota bila yeye. Basi mche ufungwe kwenye mti ambao tayari una okidi ya aina ile, au jirani yake, kwenye gome lenye mikwaruzo na upande usiopigwa na jua la alasiri. Ufungwe kwa uzi wa pamba unaooza. Msitumie waya, mti unanenepa, waya unakaa.

Sheria nitaipitia haraka. Arabuko-Sokoke, takriban kilomita za mraba 420, ni msitu wa hifadhi. Kuchuma kifuko, kushusha mmea, hata kuokota uliolala chini, kunataka kibali, na kibali kiombwe kabla. Na okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini kati ya nchi na nchi, zilizo nyingi katika Kiambatisho cha II. Kwa hizo za Kiambatisho cha II, miche iliyozalishwa maabarani ikasafirishwa ndani ya vyombo vilivyotakaswa haidhibitiwi na mkataba huo, wakati mmea uliotolewa porini unadhibitiwa. Mkataba wenyewe umeona tofauti iliyopo. Cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mimea, ni jambo jingine, hilo liko palepale.

Na mtu asiniambie watu wa hapa hawawezi kuishi na msitu bila kuumaliza. Tangu mwaka 1993 pale Gede, Mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo, yaani kiwavi aliyekwisha kujifungia kabla ya kuwa kipepeo, kutoka kwa wakulima wa pembeni ya msitu na kuwauza nje. Wakulima wanafuga vipepeo majumbani, kwa majani waliyopanda, na msitu unabaki kuwa chimbuko. Nataka okidi ifuate mkondo huo. Maabara moja au mbili zinatosha kwa pwani nzima. Kujenga kumi ni kupoteza pesa ya umma. Ila vitalu vya kuzoeshea miche tunahitaji vingi, na hiyo ni kazi inayofaa ua wa nyumba, kivuli cha mwembe, na mtu aliye nyumbani asubuhi na jioni. Hoteli zinunue okidi chui za vitalu hivyo badala ya kungoja kontena. Na faida ya zile za chipukizi ilipe gharama ya zile za mbegu, kwa sababu za mbegu zikirudi msituni hakuna atakayezinunua.

Baada ya hapo niliulizwa maswali. Mzee mmoja aliuliza kama okidi inanyonya mti na kuuua, maana ndivyo walivyoambiwa tangu utotoni. Nilimjibu: hapana, mzee wangu. Inashika gome tu, inakunywa mvua na ukungu, inakula majani yaliyooza. Kinachonyonya mti ni ndegembegu, ule mmea ambao ndege huubandika kwa kinyesi, mizizi yake inaingia ndani ya tawi. Ukiibandua okidi gome linabaki zima.

Mwalimu mmoja akauliza kama shule ya sekondari isiyo na maabara ya maana inaweza kujaribu. Kwa chipukizi, hapana; huwezi kukata ncha ya nusu milimita bila hadubini na hewa iliyochujwa. Kwa kifuko kibichi, inaweza. Sanduku kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, lilazwe ubavu, litobolewe matundu mawili ya mikono, lipanguswe ndani kwa Jik na kuachwa litulie nusu saa ili vumbi lishuke. Sufuria ya presha, mitungi ya jemu, maji ya dafu. Chupa nyingi zitapata ukungu, zitupwe bila kufunguliwa darasani, zipikwe kwanza. Chache zitapona, na wanafunzi wataona protokomu kwa macho yao. Jambo moja tu, mwalimu: kuchovya kifuko kwenye spiriti na kukiwasha kufanyike nje ya sanduku, na chupa ya spiriti iwe imefungwa na imewekwa meza nyingine. Ndani ya sanduku msiwashe kitu chochote.